Chini ya Mbavu za Kulia

Mkono wangu wa kulia una tabia mbaya. Nikikaa mahali bila kazi, kwenye foleni ya benki, kwenye benchi la fundi simu, hata msibani, unaanza kutembea wenyewe. Unagusa paji la uso, unashuka kwenye jicho, pua, sikio, unapita kifuani, halafu unafika chini ya mbavu za kulia na hapo unakwama. Watu wakiniona wanadhani najiombea dua. Mume wangu, siku zile tunaanza kujuana, aliniuliza kama kuna mahali pananiuma. Nikamwambia ni mazoea tu ya shule. Akacheka, nikamwacha acheke. Shule ina sehemu yake, sikatai, lakini anayeuongoza mkono ule ni bibi yangu, na hajaniacha mpaka leo.

Tulikuwa tunaishi Charambe, mie, mama na bibi mzaa mama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kwa kuwa hakuna mzazi wa Dar anayevumilia kumwona binti amelala mchana na simu kifuani, nikapelekwa pri-fomu faivu. Kwa asiyejua, hayo ni masomo ya kidato cha tano unayoanza kuyasoma kabla hata hujajua kama umefaulu kwenda huko. Unasoma tu, huku unaomba Mungu. Nilichukua fizikia, kemia na baiolojia, kwa sababu nilitaka kuwa daktari, na kwa sababu mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alishautangazia ukoo mzima kwamba nitakuwa daktari. Mjomba akitangaza jambo, limeshatangazwa. Wewe kazi yako ni kulitimiza.

Darasa lenyewe lilikuwa banda la bati kule Rangi Tatu, limegandana na mashine ya kusaga. Vumbi la unga lilipenya kwenye matundu ya misumari likatutua vichwani, tukawa tunarudi nyumbani na mvi. Mwalimu wetu wa baiolojia tulimwita Tichaa. Alikuwa kijana wa Kihaya, amemaliza chuo, ajira hana, lakini shati lake limepigwa pasi utadhani anakwenda kuapishwa. Siku ya kwanza alitukuta tumefungua madaftari, kalamu ziko tayari. Akasema, "Fungeni."

Tukatazamana.

"Fungeni nimesema! Nyie mmekariri baiolojia miaka yote hiyo kama kasuku. Huko mnakokwenda maneno ni marefu, ukikariri utakufa. Maneno yale yameungwaungwa. Kila neno lina kichwa, lina mkia. Kichwa kinakuambia ni wapi, mkia unakuambia pana nini. Ukivijua vipande, neno hulikariri, unalifungua."

Halafu akatuwekea sheria yake, ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Hakuna kuandika kipande chochote mpaka uweze kukitamka huku umejishika mahali penyewe. Yeye anashika kichwa anasema sefalo, na sie tunashika vichwa, sefalo. Ofthalmo, jicho. Oto, sikio. Raino, pua. Kadio, moyo. Numo, mapafu. Hepato, ini, na hapo tunabana mkono chini ya mbavu za kulia. Nefro, figo, mikono mgongoni. Kwa ajili ya ile mashine ilitubidi tupige kelele. Fikiria kundi la vijana wameota mvi za unga, wanajipapasa na kupayuka kwa lugha isiyojulikana. Mama mmoja aliyeleta mahindi yake kusaga alichungulia dirishani akauliza, "Jamani, hapa ni shule au mnatoana mapepo?"

Tichaa akamjibu, "Vyote viwili, mama."

Nyumbani nilihitaji mtu wa kunisikiliza. Mama alikuwa na cherehani yake mbele ya nyumba, na mama akiwa kwenye cherehani usimsemeshe, atakushonea mdomo. Akabaki bibi.

Bibi yangu alikuwa Mzaramo, kazaliwa huko Kisarawe, kaolewa mjini akiwa mdogo, na ulimi wake haukuwahi kuugua hata siku moja. Kila alasiri alitandika mkeka barazani, akanyoosha miguu, akasuka ukili. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, macho yake yako njiani yanawakagua wapita njia. Mie aliniita mke mwenzake, maana marehemu babu aliniitaga mkewe mdogo tangu nipo kwenye nepi. Nilipomweleza kuhusu masomo yangu, na kumwonyesha tunavyojishika, aliweka ukili chini.

"Ee! Mnafundishwa uganga?"

"Baiolojia, bibi."

"Uganga huo, usinidanganye. Mganga wa kwetu anafanya hivyohivyo. Anakushika panapouma, anakitajia jina lake kitu usichokiona. Haya, mke mwenzangu, nitege nikutege."

Ndivyo tulivyoanza. Yeye anagusa, mie nataja. Kwa kuwa mikono ilikuwa na ukili, aligusa kwa alichonacho: aliinua kidevu, akachezesha sikio, akasugua goti kwa goti. Nikikosea ananicheka mpaka anakohoa. Nikipatia ananiambia usiringe, rudia. Na kwa kuwa hakuna kilichoingia sikioni mwake kikatoka, baada ya muda mfupi maneno yale yakawa ya kwake. Jirani aliyekuwa hasikii mtu akimshauri, bibi alisema ana ugonjwa wa oto. Mbuzi wa jirani mwingine aliyekula kanga yetu kwenye kamba alitukanwa kwa jina la gasto, tumbo. Siku moja mjomba alikuja, akaanza hotuba yake ya kawaida kuhusu maadili ya vijana, na bibi akanikonyeza, akajigusa kichwa taratibu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikimbilia uani kucheka.

Nasimulia haya mtu ajue kwamba tulicheka. Tulicheka sana, na huo mkeka nikiukumbuka huwa unaanza kwa kicheko. Ila kuna kitu nilikiona kikanipita. Kila mchezo bibi alianzia anapotaka, kichwani au mguuni, lakini alimalizia palepale. Aliuacha ukili, akautuliza mkono chini ya mbavu za kulia, akaniangalia.

"Hapa?"

"Hepato."

"Hapa?"

"Hepato, bibi, nimeshasema."

"Sema tena. Lina jina zuri."

Nikadhani analipenda neno. Kweli lilikuwa linatamkika vizuri mdomoni mwake. Sikujiuliza kwa nini anapashika kwa nguvu hivyo, kwa nini siku nyingine alikuwa anafumba macho akipashika. Alikuwa amepungua, hilo tuliliona, kanga alikuwa anaizungusha zaidi kiunoni. Mama alimuuliza, akajibiwa, "Nyie mlitaka ninenepe niende wapi?" Mama akarudi kwenye cherehani.

Tichaa akaingia kwenye mikia. Alisema vichwa ni kazi ya watoto, sasa tuone hali ya mahali. Aitisi ni panapowaka. Oma ni uvimbe. Nikampelekea bibi, moto moto. Nikamwambia, ukiweka kichwa cha kiungo na mkia wa aitisi, basi kiungo hicho kinawaka. Ukiweka mkia wa oma, kimeota uvimbe.

Bibi akaacha kusuka. "Kwa hiyo mtu akishika kichwa na mkia, mnyama mzima kamjua."

"Ndiyo hivyo."

"Hata kama hajasoma."

"Hata kama hajasoma, bibi."

Akauokota ukili wake. "Haya ngoja nikutege. Hapa." Akajigusa koromeo, nikamwambia hilo hatujalifikia. Akacheka. Siku ile hakumalizia mbavuni. Nilikuja kuliwaza jambo hilo baadaye, na linanisumbua hadi leo: siku aliyoujua mkia ndiyo siku mkono wake ulipoacha kushuka pale.

Haukupita muda macho yake yakawa ya manjano. Mjomba akaja na gari la rafiki yake, tukampeleka hospitali kubwa mjini, akapigwa picha za tumbo, akalazwa. Na sasa nieleze jambo ambalo kwetu ni la kawaida sana, kiasi kwamba sikuwahi kuliona geni mpaka siku ile. Kwetu mgonjwa haambiwi. Mgonjwa ni wa mwisho kuujua ugonjwa wake, na mara nyingi hata huko mwisho hafiki. Anaambiwa mkubwa wa familia, anaamua nani mwingine ajue, wengine wote wanasema utapona. Daktari naye anaijua desturi. Kama mkubwa wa familia ana Kiingereza, basi wanazungumza palepale kitandani, juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa Kiingereza, na kila mtu anajiona amefanya ustaarabu.

Mjomba alikuwa amefanya kazi ya ukarani bandarini maisha yake yote. Kiingereza chake alikivaa kama koti. Lakini siku ya majibu alinivuta na mie. "Huyu anasoma baiolojia," alimwambia mama, "atanisaidia yale maneno ya kitaalamu." Basi nikasimama upande wa miguu ya kitanda, mjomba upande wa kichwa, mama kashika beseni la nguo. Bibi alikuwa amelala chali, kanga imemfika kidevuni, anaangalia panga boi linavyozunguka darini.

Daktari alikuwa kijana, mpole, anaongea harakaharaka. Kiingereza chake kilinipita kama gari la moto, nikadaka neno hapa na pale, picha, damu, kuchelewa. Halafu akalisema. Alilisema bila kupandisha sauti, katikati ya maneno mengine, na halikuwa refu hata kidogo.

Hepatoma.

Sikulikariri neno lile, kamwe sikuwahi kulisikia kabla. Lilijifungua lenyewe kichwani, vipande viwili. Ini. Uvimbe. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima na kusema yesi, yesi, na nilimwona wazi kwamba hajaelewa. Mama hakuwa na Kiingereza. Mie ndiye pekee, nikajisemea, mie ndiye ninayejua. Nikashusha macho ili nisimwangalie mtu.

Ndipo nikaiona kanga inatembea. Chini ya kanga mkono wa bibi ulikuwa unapanda polepole kutoka pajani, ukapita tumboni, ukafika chini ya mbavu za kulia, ukatulia. Nikainua macho. Bibi hakuwa anaangalia panga boi tena. Alikuwa ananiangalia mie, kama anavyoniangaliaga akishanitega, anasubiri jibu.

Nilitamani kutoka mbio wodini.

Huko nje kwenye korido mjomba aliniuliza, nikamwambia. Alijishika ukutani. Sijawahi kumwona mjomba wangu akikosa la kusema, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Alipopata sauti ilikuwa sauti ya amri. "Mama yetu haambiwi. Ana presha, tutamuua sie wenyewe. Tutasema ni vidonda vya tumbo. Umesikia, dada? Vidonda vya tumbo." Mama alikuwa analia ndani ya beseni. Mjomba akanigeukia. "Na wewe. Hilo neno lisitoke mdomoni mwako. Si kwa bibi yako, si kwa rafiki, si kwa mtu. Niapie."

Nikaapa. Nilitaka kumwambia kwamba amechelewa, kwamba bibi keshajua. Lakini ningemwambiaje? Ningesema nini, kwamba Mzaramo wa Kisarawe asiyejua kusoma amemwelewa daktari, na yeye karani hakumwelewa? Angenizaba kofi. Halafu, kusema kweli, sikuwa na hakika. Labda palikuwa panamuuma tu, akapashika. Nilijishikiza kwenye hiyo labda kwa mikono miwili.

Walituruhusu nyumbani. Daktari alisema hakuna zaidi wanachoweza, apewe dawa za maumivu na apewe anachopenda kula. Basi nyumba yetu ikajaa vyakula. Mjomba alileta pweza, mama akapika kisamvu cha nazi, jirani wa mbuzi akaleta achari ya maembe. Kila anayeingia anasema kwa sauti ya sherehe, "Vidonda vya tumbo tu hivi, bibi, utapona!" Na bibi anajibu, "Inshallah," kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao maisha yake yote. Upole ule ulinitia hofu kuliko manjano ya macho yake.

Darasani nako hakukukalika. Tichaa alikuwa na desturi ya kuanza kipindi kwa kurudia vichwa vyote. Sefalo, wote kichwani. Kadio, wote kifuani. Ilipofika hepato, niliangalia darasa zima limebana mikono chini ya mbavu, linapiga kelele kuishinda mashine, na nikaona ni bibi yangu wamemshika. Kila mmoja kashika ini la bibi yangu na anacheka. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya banda. Tichaa alinifuata, akanikuta nimechuchumaa.

"Una nini wewe?"

"Tichaa, mtu akitaja kitu mara nyingi, kinakuja?"

Hakuniuliza zaidi, na ninamshukuru kwa hilo. Akasema, "Hapana. Jina linakuja nyuma ya kitu. Kitu kinatangulia." Akaniletea maji.

Sikumwamini. Kule nyumbani nilianza kukwepa baraza. Nilifua nguo safi, niliosha vyombo vilivyooshwa, nilikwenda dukani kununua kiberiti tukiwa na viberiti. Nilikuwa naogopa kwamba siku nyingi zile juu ya mkeka, bibi anagusa, mie naita, hepato, hepato, nilikuwa nakiita kitu chenyewe kije. Mtu mzima atacheka. Mie niliona hata kuku wanajua.

Alasiri moja mama alikuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja. Bibi alikuwa barazani amelazwa kwenye mkeka na mito, ukili uko pembeni, haukuguswa. Akaniita.

"Mke mwenzangu!"

"Abee, bibi."

"Acha kunikimbia. Njoo ukae."

Nikakaa. Alikuwa amebaki macho na pua. Akalionyesha bakuli la achari kwa kidole.

"Hebu niambie, wewe msomi. Mtu wa vidonda vya tumbo, mie nimewaona wengi. Wanakatazwa ndimu, wanakatazwa pilipili, hata chai ya rangi wanakatazwa. Mie nakula achari ya pilipili, mwanangu yuko hapo ananiongezea. Vidonda gani hivyo?"

Nikalifunika bakuli la achari.

"Mjomba wako kakuapisha."

Nikauokota ukili wake, nikajifanya naupanga.

"Kakuapisha. Namjua, mie ndiye niliyemzaa. Basi usivunje kiapo, ni dhambi. Tucheze tu mchezo wetu."

Akainua mkono. Ulikuwa mwepesi, hina ya Idi bado ipo kwenye kucha. Akajigusa paji la uso.

"Sefalo," nikasema.

Jicho. Pua. Sikio. Kila kimoja nilikisema, huku naujua mkono ule unakokwenda. Ukashuka kifuani, kadio. Ukapumzika hapo kidogo. Halafu ukaenda chini ya mbavu za kulia, juu ya kanga, mahali ambapo sasa palikuwa pamenyanyuka hata kwa macho palionekana. Akaniangalia kama siku ile wodini.

Nilikuwa naweza kusema sijui. Nilikuwa naweza kusema naenda kuangalia chungu jikoni. Mtu mmoja tu katika ukoo mzima ndiye aliyekuwa anaulizwa, na huyo mtu nilikuwa mie, na sikuwa hata na matokeo ya kidato cha nne.

"Hepato," nikasema.

"Oma," akasema bibi.

Alilitamka vizuri, bila kukosea. Halafu akashusha pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetua ndoo.

Nililia. Nililia kwa sauti, nimemlalia miguuni, na nikamwambia yote, kwamba naogopa tumeliita wenyewe, kwamba laiti nisingemletea maneno ya yule Mhaya. Akanipiga kibao kidogo kisogoni.

"Mjinga wewe. Lilikuwepo kabla hujaanza hiyo shule yenu ya kelele. Nilikuwa nalo usiku na mchana, halina jina, nakaa nalo peke yangu. Wewe umenipa jina lake. Unajua kukaa na kitu kisicho na jina ndani ya tumbo lako?" Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Usiwaambie kama najua. Mjomba wako akijua kwamba najua, atakosa cha kufanya. Mwache aniletee pweza wake."

"Sawa, bibi."

"Na siku yangu ikifika, kwenye kuoshwa, sitaki waniletee watu wa kunionea haya. Mama yako atalia tu, hatafaa. Kata ya maji ushike wewe. Umeshanijua mwili wote, toka kichwani mpaka kwenye kisigino. Hutapotea."

Nikamwambia ndiyo. Hapo sikuwa nimewahi hata kuiona maiti.

Aliondoka alfajiri moja, mama yuko pembeni yake, mie nimesinzia kwenye mkeka. Kabla jua halijawa kali nyumba ilikuwa imejaa, turubai limefungwa, wanaume nje wanapanga safari ya makaburini. Chumbani waliingia wanawake wachache. Muoshaji alikuwa mama mnene wa mtaa wa pili, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Aliponiona akasema mtoto atoke. Mama, kwa sauti ambayo sikuitegemea, akasema, "Huyu anabaki. Marehemu alimtaka." Sikuwahi kumwambia mama. Bibi alimwambia mwenyewe, wakati gani sijui, na alimwambia na mangapi mengine sijui vilevile. Mama hajawahi kulizungumza, nami sijamuuliza.

Maji yalikuwa yamewekwa majani ya mkunazi. Kulikuwa na harufu ya karafuu maiti na udi. Bibi alifunikwa shuka, na muoshaji alifanya kazi yake chini ya shuka, mkono ameuvisha kitambaa, bila kumfunua. Mie niliinamisha kata pale aliponiambia. Alimbonyeza tumbo taratibu, kama inavyotakiwa. Nikasikia ndani ya kichwa changu, gasto. Sikuita, lilikuja lenyewe. Akamtawadhisha: mdomo, pua, uso, mikono. Raino. Ofthalmo. Bibi alisema kweli, sikupotea. Kila mkono wa muoshaji ulipokwenda, nilikuwa nimeshafika. Akaosha kichwa. Sefalo. Halafu akaanza upande wa kulia, kama ilivyo, kutoka shingoni kushuka.

Kitambaa kikapita begani, kikapita ubavuni. Chini ya mbavu kikasimama. Muoshaji alitulia, akapapasa tena kidogo, akatikisa kichwa.

"Maskini," akasema. "Kumbe hapa ndipo palipokuwa pakimtesa."

Nilifumbua mdomo. Sikukusudia, wallahi.

"Hepato," nikasema.

Nilisema kwa sauti, kila mtu chumbani alisikia. Mama aligeuza uso. Nami nikasimama pale na kata yangu, ninamwangalia bibi usoni, nasubiri. Kwa dhati nilikuwa nasubiri. Midomo yake ilikuwa imefungwa vizuri na kitambaa kimepita chini ya kidevu.

Muoshaji hakujua nimesema nini. Nadhani alifikiri ni jina, kwamba namwita marehemu kwa jina la nyumbani. Akaniwekea mkono wake uliolowa begani, kwa huruma.

"Mwombee tu, mwanangu," akaniambia. "Hawezi kukuitikia."

Nikachota maji, nikammwagia bibi chini ya mbavu, pale mkono wake ulipokuwa unatulia.